Barua kwa Mwanangu: Pima Kwanza, Ununue Baadaye

Mwanangu mpendwa,

Ama baada ya salamu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi. Unasema kwamba asubuhi stata ya gari lako la spoti, yaani mota inayoizungusha injini ili iwake, inazunguka kwa uvivu, na kwamba ukikanyaga mafuta kwa nguvu injini inamisi, yaani silinda inakosa kuwaka, huku taa yake ikimweka kwenye dashibodi. Umeeleza vizuri kuliko wateja wengi wanavyowaeleza mafundi wao. Kilichonitia wasiwasi ni sentensi yako ya mwisho, kwamba umeshachagua betri, stata, koili nne za kuzalisha umeme wa cheche na plagi nne za kuirusha cheche yenyewe, na unangoja mshahara tu uviagize. Tafadhali usiagize hata kimoja kabla hujavipima vilivyomo.

Ujinga huu niliulipia mwenyewe. Gari langu la kwanza la spoti lilipoanza kugoma asubuhi, nilinunua betri, kisha stata, na siku iliyofuata likagoma vilevile. Mwishowe nikafungua boliti inayoufunga waya wa hasi kwenye bodi, nikakuta kutu ya kijani imetanda chini yake kama ukoga. Msasa na dakika 10 vilitosha. Stata ya zamani, ambayo haikuwa na ubaya wowote, nilikuwa nimeshaiuza kwa bei ya chuma chakavu.

Basi anza na mita ya umeme. Gari likiwa limelala usiku kucha, pima betri: iliyojaa husoma takribani volti 12.6, na ikisoma 12.2 ujue imebaki kama nusu, kwa hiyo ichaji kwanza kabla ya kuilaumu. Magari ya spoti huegeshwa wiki nzima bila kuguswa, na betri nyingi hufa kwa kuachwa hivyo, wala si kwa uzee. Ikiwa imejaa, ng'oa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini isiwake, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo yenyewe ya hasi, yaani ile risasi na si kibanio chake, na ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini. Mwombe mtu azungushe stata huku wewe ukiitazama mita. Ikipita nusu volti, umeme unapotelea njiani. Stata huvuta ampea 100 na zaidi. Kwa ampea 150, ukinzani wa omu 0.01 tu, ambao hauonekani kwa macho, unameza volti 1.5, na stata nzima kabisa itazunguka kama mgonjwa. Rudia kipimo hicho upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi kwenye stata.

Habari ya kumisi ni nyingine, na nadhani hazihusiani, ingawa ni kawaida ya binadamu kutafuta mchawi mmoja wa matatizo mawili. Kwanza, taa ikimweka badala ya kuwaka moja kwa moja, ondoa mguu kwenye mafuta mara moja, kwa maana petroli isiyoungua inaingia kwenye bomba la moshi na kuichoma katalisti, kile kichujio cha moshi, na hiyo ni ghali kuliko koili zote nne. Kisha soma msimbo wa hitilafu, ile namba ambayo kompyuta ya gari huitunza, kwa kifaa cha kusomea. Kwa mfano, P0302 maana yake ni kwamba inayomisi ni silinda ya 2. Injini ikiwa imepoa, hamisha koili ya silinda ya 2 uipeleke ya 3, na ya 3 uilete ya 2, futa msimbo, uendeshe. Msimbo ukigeuka kuwa P0303, koili ndiyo mbaya, na utanunua moja. Ukibaki P0302, hamisha plagi kwa namna ileile. Unapochomoa soketi za koili, bonyeza kishikizo chake taratibu na usivute waya, kwa sababu plastiki iliyokaa miaka juu ya joto huvunjika kama biskuti.

Uliuliza kwa nini inamisi ukikanyaga tu. Mafuta yakikanyagwa, hewa nyingi hubanwa ndani ya silinda, na cheche huhitaji volti kubwa zaidi kuruka katika hewa iliyobanwa. Koili iliyochoka huweza kazi nyepesi na kushindwa nzito. Itazame plagi kwa tochi, upande wa kauri nyeupe: ukiona mstari mwembamba mweusi, kama uliochorwa kwa penseli, cheche imekuwa ikitoroka nje kupitia hapo.

Matairi na oili unavijua, sivirudii. Za kuongeza ni breki, kwa kuwa nimekusikia unapenda kona. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini hufyonza unyevu wa hewani, na yakishachakaa kiwango chake kinachokubalika ni nyuzi 155 tu. Ukishuka mlima kwa kasi yakachemka, kanyagio litazama hadi sakafuni. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili, na yasidondokee rangi ya gari maana huila. Na usiingize hata mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia, stendi ndizo za kushikilia.

Niandikie namba tatu: volti za betri asubuhi, volti za waya wa hasi stata inapozunguka, na msimbo utakaosomeka baada ya kuhamisha koili. Nikishazipata ndipo tutakapozungumza habari ya kununua.

Ni mimi,
Baba yako