Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Mimea ya Kisiwa Chetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazee wa kamati ya skuli, wanafunzi wenzetu, na nyie wazee mliokaa kule chini ya mwembe kwa sababu viti vimetuishia (mtusamehe sana), Assalaam alaykum.

Kwanza tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha hapa tukiwa wazima. Pili tunakushukuru Mgeni Rasmi kwa kukubali kuja mpaka huku kwetu kaskazini ya Pemba, barabara yenyewe umeiona hatuna haja ya kuisema.

Mgeni Rasmi, klabu yetu ilianza kama klabu ya kupanda miti tu, ile ya unachimba shimo, unapigwa picha, mvua ikikatika mche unakufa na mwakani unachimba shimo lilelile. Aliyetugeuza ni mwalimu wetu wa bayolojia, alituuliza siku moja kwa nini tunakariri ndege wa Galapagos, visiwa vya mbali huko Amerika ya Kusini, wakati tumekaa juu ya kisiwa ambacho wataalamu wanapanda ndege kuja kukiangalia. Darasa zima kimya. Toka hapo tukaanza kwenda msitu wa Ngezi na daftari.

Wengi wanadhani Pemba na Unguja ni kitu kimoja, si kweli. Bahari ya kati ya Unguja na bara ni ya kina kidogo, haifiki hata mita 100, kwa hiyo zama za barafu, miaka kama 20,000 iliyopita, maji ya dunia yaliposhuka mita 120 hivi, Unguja ilikuwa imeungana na bara na chui akaenda kwa miguu. Huku kwetu mkondo una kina cha zaidi ya mita 700, maji yalishuka lakini Pemba ikabaki kisiwa vilevile. Wajuzi wa miamba bado wanabishana ilijitenga lini hasa, ila matokeo yake yanaonekana: chui hatuna, na hata wale kima punju wa Ngezi waliletwa na watu miaka ya 1970. Kwa hiyo mmea mwingi ulioko hapa ama ulibaki toka zamani sana ama ulivuka bahari wenyewe, kwa maji, kwa upepo au tumboni mwa ndege na popo.

Hilo la kuvuka bahari tulilijaribu. Mwaka 1855 mwanasayansi Charles Darwin alikuwa nyumbani kwake Uingereza analoweka mbegu kwenye maji ya chumvi, aina 87, na baada ya siku 28 aina 64 zikaota. Sisi tukachukua ndoo, maji ya bahari, tukatia kunde, mtama na komwe hizihizi za kuchezea bao. Kunde zilioza zikanuka mpaka darasa la jirani wakaleta malalamiko. Komwe ndo kwanza zinaelea hazina habari, tukazitoa, tukazisugua ganda kwenye saruji kidogo maana lile ganda ni gumu maji hayaingii, tukazifukia, zikaota. Yaani ile kete mzee anayoipiga barazani ni mbegu inayosafiri bahari na bahari, ndo maana mmea wake uko pwani karibu zote za joto duniani.

Lakini mti wetu hasa, ule tunaotaka Mgeni Rasmi aondoke nao kichwani, ni mpapindi, mti wa jamii ya minazi na mitende. Ukiingia Ngezi unauona, shina jembamba lina pete pete, pale juu chini ya makuti pana rangi ya kijani iliyopauka kama imepakwa unga, na matunda yake madogo mekundu. Kwa asili hauoti pahala pengine popote duniani, ni Pemba tu. Wataalamu waliuandika rasmi kwa jina la kisayansi 1962, jina wakalibadilisha miaka ya 1990, halafu 2022 wakalirudisha lile la mwanzo, sisi tuko na mpapindi wetu palepale. Cha ajabu ndugu zake hawako Tanga wala Mombasa, wako Madagaska na Komoro. Popo wetu mkubwa wa Pemba naye hivyohivyo, jamaa zake wako visiwani, bara ya Afrika hayupo, na matunda ya mpapindi anayala, mbegu anakwenda kuzitema mbali. Inadhaniwa safari ya mpapindi kutoka kule ilikuwa ya namna hiyo, kisiwa kwa kisiwa.

Sasa kisa kimoja cha Rodrigues, kisiwa kidogo cha Mauritius. Mwaka 1980 mwalimu wa skuli aliwatuma wanafunzi wake watafute mimea, mtoto mmoja akaja na tawi ambalo hakuna aliyelijua, lilipopelekwa kwa wataalamu ikaonekana ni mmea wa jamii ya kahawa ambao walishasema umepotea miaka kama 40. Ulikuwa umebaki mmoja tu, pembeni ya njia! Watu waliposikia wakaanza kuukata matawi kwa ajili ya dawa, ukazungushiwa uzio, watu wakaruka uzio. Mwaka 1986 vipande vya matawi vikapelekwa bustani ya Kew kule London, kimoja kikashika, kikatoa maua lakini mbegu hakuna, mpaka 2003 mtunza bustani Carlos Magdalena alipofanikiwa kuufanya utoe mbegu. Miche ilipoota ikaonekana majani ya utotoni ni membamba marefu ya kahawia, hayafanani kabisa na ya mkubwa, inadhaniwa ni kujificha usiliwe na makobe waliokuwepo zamani. Huyo aliyeuona alikuwa mtoto wa skuli kama sisi.

Changamoto zetu, Mgeni Rasmi. Ngezi kuna miti ya kuletwa inayosambaa yenyewe na kubana ya asili, na kila siku ya upandaji miti tunaletewa mivinje na mikaratusi, hatujawahi kuletewa hata mpapindi mmoja. Kuingia msituni kupima tunahesabiwa kama watalii, tuliandika barua pahala mpaka leo tunasubiri. Na sampuli tunazikausha chini ya godoro la mwalimu, mke wake keshachoka.

Tunaomba vitu vitatu tu. Kibali cha kudumu cha kuingia na walimu wetu, tuhesabu mipapindi kila mwaka, midogo na mikubwa, maana bila hesabu ya midogo hujui kama msitu unazaa au unazeeka. Mbao za kubania mimea na kabati lisiloingia mchwa, ili sampuli za Pemba zikae na Pemba, zisiwe London tu. Na wavu wa kivuli kwa kitalu chetu, mpapindi mchanga jua kali linamuua.

Miche iko nyuma ya darasa la kidato cha pili, ukimaliza soda tutakupeleka, ila tafadhali usikanyage ile ya mbele imeota juzi.

Tunaomba kuwasilisha.