Gari la kuchezea tunalo hata sisi walimu wa udereva

Mhariri,

Wiki jana msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu akitaka gemu za mbio za magari zipigwe marufuku vibandani, eti zinawafundisha vijana kuendesha kihuni. Alisema alimkuta mwanawe akilipeleka gari kwa ubavu kwenye skrini, vumbi linatimka, na kijana anacheka. Mimi ni mwalimu wa udereva hapa Umoja, mwaka wa 19 sasa. Naomba nafasi nimjibu mzee huyo, kwa heshima zake zote.

Nikiri kwanza kwamba angeniomba nitie sahihi barua hiyo mwaka jana, ningetia. Kilichonibadilisha ni mwanafunzi mmoja kutoka Kayole, kijana mkimya, wa kutumwa na kutumika, ila alikuwa na kasoro moja iliyonichosha wiki mbili nzima. Kila tukitoka kwenye makutano, gari linakwenda kushika upande wa kulia. Siku moja uvumilivu ukaniisha, nikamuuliza, “Wewe ulijifunzia udereva ng’ambo?”

Akainama. “Ni Meksiko, madam.”

Nilidhani ananichezea. Kumbe kweli. Anacheza gemu iitwayo Forza Horizon 5, iliyotoka mwaka wa 2021. Walioitengeneza ni Waingereza wa Playground Games, lakini nchi yenyewe iliyomo ni Meksiko, na Meksiko wanashika kulia. Hakuna uwanja wa kuzunguka mle. Umepewa gari na nchi nzima, nenda utakako: mji wa Guanajuato wenye vichochoro na mahandaki, mlima wa volkano, jangwa, mashamba, na njia za vumbi zisizo na idadi. Kijana wangu lami haimvutii hata kidogo. Anachopenda ni kupiga drifti kwenye vumbi, yaani kuliachia gari lilale ubavu kwenye kona huku yeye analishikilia lisigeuke kabisa. Nikamwambia hayo mambo ayaache hukohuko Meksiko, na kwangu ashike kushoto.

Sasa Alhamisi moja tulikuwa tunamrudisha mwanafunzi mwingine kwao, mbele ya Kamulu. Ukishaacha Kangundo Road pale, lami imekwisha, imebaki barabara iliyojikunja kama bati, na juu ya mikunjo kuna kokoto legevu zinazoachwa na greda. Jua lilikuwa kali, barabara kavu. Kijana yuko kwenye gia ya tatu, kama kilomita 45 kwa saa, na mbele kuna mteremko mdogo unaopinda. Mbuzi akachomoka kichakani.

Alifanya kosa ambalo kila mwanafunzi hulifanya: aliachia mafuta ghafla na kukata usukani kulia. Gari letu la mafunzo ni Toyota ya zamani inayovutwa na magurudumu ya mbele. Ukiachia mafuta namna ile kwenye mteremko, uzito wote unahamia mbele, nyuma kunabaki kwepesi kama ungo. Mkia ukaanza kwenda kushoto. Mguu wangu ukarukia breki yangu ya mwalimu.

“Usikanyage, madam!”

Sijui kwa nini nilimtii. Labda ni kwa sababu hakupiga kelele, aliniambia tu, kama mtu anayekukumbusha kufunga mlango. Akaurudisha usukani kushoto, kule mkia ulikokuwa unaelekea, si kwa kuuzungusha ovyo bali kwa kipimo, kisha akagusa mafuta kidogo sana. Magurudumu ya mbele yakashika, yakalivuta gari, mkia ukarudi nyuma ya kichwa. Mbuzi akaendelea na safari yake. Yule mwanafunzi wa kiti cha nyuma hakuinua hata macho kwenye simu.

Mimi magoti yalikuwa yanatetemeka. Miaka 19 nimekuwa nikiwaambia watu kwamba gari likianza kuteleza usikanyage breki, na siku lilipoteleza mguu wangu mwenyewe ndio uliokuwa wa kwanza kukimbilia breki. Ningeikanyaga, tungegeuka tukatazama Nairobi, kama si kulala mtaroni.

Nikamuuliza nani alimfundisha. Akasema, “Nimeanguka hivyo mara nyingi sana, madam.”

Jumamosi yake nikaenda kibandani kwake. Ni chumba kimoja chini ya ghorofa, pazia jekundu mlangoni, skrini nne ukutani, na viti vya plastiki ambavyo kimoja kimefungwa mguu kwa waya. Shilingi 50 kwa nusu saa. Watoto waliokuwamo walinyamaza wote nilipoingia. Nadhani walifikiri nimekuja kumchukua mtu kwa sikio.

Nililipa, nikapewa padi, kile kidude cha mkononi cha kuendeshea gemu. Dakika kumi za kwanza sikufanya lolote ila kuzunguka kama pia. Nilichagua Toyota Celica GT-Four kwa sababu ya mapenzi ya zamani, nitafika huko, lakini kijana akanikatalia. Ile inaendeshwa na magurudumu yote manne, akasema, itakuvuta ikunyooshe kabla hujaelewa kitu. Akaniwekea gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, akalivalisha tairi za rali, akainua kimo chake kidogo, akalegeza springi, akafunga difu ili magurudumu yote mawili ya nyuma yazunguke pamoja. Kisha akazima vile visaidizi vyote vinavyozuia gari kuteleza. Nikamtazama akibonyeza hayo yote upesi upesi, huyu huyu ambaye wiki iliyotangulia nilimwonyesha mara tatu mahali pa kupimia oili.

Na hapo ndipo mimi, mwalimu, nilipofundishwa. Kwenye lami, akasema, kazi ni kuanza kuteleza, lazima uvute hanibreki au ukanyage mafuta kwa nguvu hadi tairi zikubali kuachia. Kwenye vumbi kuteleza ni bure, kazi ni kumaliza. Kwa hiyo kona ya vumbi unaianza mapema. Kabla hujaifikia unalitupa gari kidogo upande wa pili, kisha unalirudisha, na uzito wake wenyewe unalizungusha. Ukiwa mle ndani huligombezi. Macho yanatazama mwisho wa kona, mikono inayafuata macho, na mafuta unayapima kwa kidole, si kuyawasha na kuyazima kama taa.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni hicho kidole. Mimi gari nalisikia kwa makalio, samahani Mhariri, lakini ndivyo dereva yeyote wa miaka mingi anavyolisikia. Kiti ndicho kinachokwambia mkia umeanza kuondoka. Kwenye gemu kiti ni cha plastiki na hakisemi kitu. Lakini padi ya Xbox, mashine ya gemu ya pale kibandani, ina mitetemo kwenye vile vitufe vya nyuma vya mafuta na breki, na tairi zikianza kupoteza mshiko kidole cha shahada kinawashwa kwa mtetemo mwembamba, kabla macho hayajaona chochote. Nilipoacha kutazama gari nikaanza kusikiliza kidole, nikapita kona mbili mfululizo. Watoto wakapiga makofi. Nikaongeza shilingi 50.

Mzee aliyeandika barua alisema huu ni ugeni tumeletewa kutoka nje. Kwa kweli hapo simwelewi. Nchi gani inajua kona ya vumbi kuliko hii? Safari Rally ilianza mwaka wa 1953, na kwa miongo mingi ilikimbiwa kwenye barabara zilizo wazi, hazijafungwa. Magari ya mashindano yalikutana na lori, ng’ombe na mzee wa baiskeli, ndiyo maana yalivalishwa vyuma vizito mbele, na timu kubwa zikarusha helikopta kutangulia na kuwaonya madereva kilichoko nyuma ya kona. Mkenya Joginder Singh alishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta mara tano, minne kati ya miaka hiyo ikifuatana, 1979 hadi 1982. Pasaka kwetu ilikuwa ni rali. Mwaka wa 1994, mimi nikiwa shuleni bado, Ian Duncan wa hapa hapa Kenya alishinda kwa Toyota Celica, na baba yangu, ambaye hakuwa na hata baiskeli, alizungumza juu ya gari lile mwezi mzima kana kwamba ameazimwa funguo. Sasa mzee unajua kwa nini niliichagua Celica kibandani. Rali ikatoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 kule Naivasha, na kila mwaka tunapeleka watoto wakatazame wanaume wa Ulaya wakipita kwa ubavu katika vumbi letu. Tunapiga picha. Mtoto akifanya hivyo kwenye skrini, ni uhuni.

Lakini hayo ni ya pembeni. Nililotaka kusema hasa ni hili, na najua wenzangu wa kazi hawatafurahi.

Kila aliyepata leseni katika nchi hii anaijua bodi. Kwa asiyejua, ni meza ya mbao iliyochorwa mji mdogo: raundabauti, makutano, njia ya kwenda na ya kurudi, sehemu ya kuegesha. Mwanafunzi anapewa kigari cha kuchezea cha ukubwa wa kiberiti, anaambiwa akitoe hapa akifikishe pale. Anakisukuma kwa vidole huku anakariri, “Naangalia kioo, natoa indiketa, naingia leni ya ndani.” Nimeona watu wazima, baba wa watoto wanne, wakitokwa na jasho juu ya kigari kile. Nimeona mtu akiangushwa kwa sababu kidole kiligusa mstari. Na ile bodi, Mhariri, yote ni lami. Hakuna hata kipande cha vumbi. Hakuna mteremko, hakuna mvua, hakuna mbuzi.

Halafu mtu huyo anapewa leseni, na Desemba anawapakia watoto na mama mkwe kwenda mashambani. Sehemu kubwa ya barabara za nchi hii haina lami. Anaiacha lami mara ya kwanza katika maisha yake akiwa na watu sita garini na gunia la mchele kwenye buti. Hajui kwamba kokoto legevu zinafanya kazi kama gololi chini ya tairi. Hajui kwamba breki za ABS, zile alizoambiwa na muuza gari kwamba zitamwokoa, zinaweza kulifanya gari lisimame mbali zaidi juu ya kokoto legevu, kwa sababu tairi iliyojifunga hujikusanyia kifusi mbele yake kikawa kizuizi, na ABS haiiruhusu kujifunga. Nani alimwambia? Mimi sikumwambia. Nilikuwa nafundisha bodi, kwa sababu bodi ndiyo inayotahiniwa.

Kwa hiyo gari la kuchezea tunalo hata sisi. Tofauti ni kwamba la yule kijana linateleza.

Sisemi gemu ni shule. Kijana huyohuyo aliyeniokoa Kamulu alizima injini mara nane akijaribu kuondoka kwenye mlima mdogo karibu na Donholm, matatu tatu nyuma yake zinapiga honi, kwa sababu klachi ya kidole na klachi ya mguu si ndugu. Mle ndani pia kuna kitufe cha kurudisha nyuma. Umegonga mti, unabonyeza, unarudi sekunde chache kabla, unajaribu tena. Hicho ndicho kilichomwezesha kuanguka mara elfu bila kumwumiza mtu, na hicho hicho ndicho kinachonitia wasiwasi, kwa hiyo nilimuuliza baadaye kama siku ile ya Kamulu alikiwazia. Alikaa kimya kidogo. Akasema kidole chake kilikitafuta.

Tangu siku hiyo nimebadilisha ratiba. Kila mwanafunzi wangu, kabla sijampeleka mtihani, anaendesha saa moja kwenye vumbi ng’ambo ya Kamulu, kilomita 30 kwa saa, si zaidi, mahali peupe nilipopaona pasipo nyumba wala watoto. Anajifunza kuachia mafuta polepole, anajifunza breki zinavyodanganya, na mara moja tu namwacha mkia umwendee ili ajue unavyosikika. Siongezi ada. Mafuta natoa mfukoni, na mwenye shule ananung’unika. Ikinyesha hatuendi, kwa sababu udongo mweusi wa kule ukilowa hauna cha kufundisha mtu ila kusukuma gari. Wenye kutunga mtihani wangeweza kuongeza saa hiyo moja bila kujenga chochote. Vumbi lipo tayari.

Mzee wangu wa barua, mlete mwanao Jumamosi yoyote asubuhi, na wewe mwenyewe uje. Ukimaliza, kile kibanda hakiko mbali na kwetu. Mle kona za drifti unapewa nyota, na nyingi ya kupata ni tatu. Mimi niko mbili. Kijana anasema mwishoni huwa natazama vumbi badala ya barabara.

Mwalimu wa udereva,
Umoja, Nairobi