Kwa wanangu mnaowatunza wazee nyumbani

Wanangu,

Nimefikisha miaka 74, na ninawaandikia kwa sababu neno "uzee" limekuwa jibu letu la haraka mno. Mzee akisahau jina la mjukuu, tunasema ni uzee. Akizunguka chumbani usiku akitafuta mlango ulio mbele yake, tunasema pia ni uzee. La kwanza huenda ni kweli. La pili lianze na swali: amemeza nini wiki hii?

Masika yaliyopita nilinunua dukani vidonge vya mafua, klorofeniramini, nikavimeza siku tatu mfululizo. Asubuhi ya nne binti yangu alinikuta jikoni nimeshika birika tupu, mdomo umenikauka, mkojo unatoka kwa taabu, nami ninamwita kwa jina la marehemu dada yangu. Muuzaji hakuniuliza umri, ingawa mvi zangu hazijifichi.

Seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali zinazovuka upenyo mdogo na kutua kwenye vipokezi vya seli ya pili. Mojawapo ni asetilikolini, inayotusaidia kuwa makini na kuhifadhi mambo mapya. Umri unavyosonga, mfumo wake hudhoofika, kama ambavyo vipokezi vya kemikali nyingine ya ubongo, dopamini, vile vya aina ya D2, hupungua kwa takribani asilimia 5 hadi 10 kila miaka 10 tangu ujanani. Mzee mwenye afya huishi vyema na upungufu huo: jina alilolisahau humjia baadaye, pengine akiwa bafuni. Lakini klorofeniramini, mbali na kuzuia histamini, kemikali ya mwili inayoleta chafya na makamasi, huingia ubongoni na kukalia vipokezi vya asetilikolini bila kuviamsha. Kijana ana akiba. Mimi kilizibwa kile kidogo kilichobaki, na ini na figo zangu zikachelewa kuiondoa dawa.

Prometazini, dawa ya mzio na kichefuchefu, na amitriptilini, dawa ya sonona, nazo hufanya hivyo, na zote zimo katika orodha ya dawa za kuepukwa na wazee iliyoanzishwa Marekani na daktari Mark Beers na wenzake mwaka 1991. Diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, hupitia vipokezi vya GABA, kemikali inayotuliza ubongo, ila nayo humwacha mzee akiyumba njiani kwenda chooni.

Basi kabla ya kuuliza nani kamroga, wekeni dawa zake zote kwenye kikapu kimoja, zikiwemo za kikohozi, za usingizi na zile alizogawiwa na jirani, mkamwonyeshe daktari au mfamasia. Msimkatishe dawa wenyewe, kwani amitriptilini ikiachwa ghafla ina matata yake. Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaomaliza kumbukumbu, huja taratibu, kwa miaka. Akili inayovurugika ndani ya siku chache mara nyingi ina chanzo kinachotibika, kama dawa, malaria au maambukizi ya njia ya mkojo, na haifai kungojewa.

Mimi daktari alinisimamishia vile vidonge, na siku ya tatu nikamwita binti yangu kwa jina lake. Pakiti bado iko kabatini, ameiandika kwa kalamu nyekundu, "Si ya Baba."

Mzee wenu