Kabla hujatia sahihi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Nimefurahi sana kusikia kwamba wewe na mwenzio mnataka kujiunga na kundi linalojenga makazi ya pamoja. Ila maswali yako yote ni ya gharama. Hayo tutayazungumza, leo acha nikueleze usiyoyauliza.

Hapa kila kaya ina nyumba yake kamili, ina jiko, bafu na mlango unaofungwa kwa ufunguo. Watu hudhani tunaishi kama bwenini. Sivyo. Tuna nyumba zetu, kisha tuna nyumba moja ya wote, yenye jiko kubwa, ukumbi wa kulia, chumba cha kufulia, karakana na vyumba vya wageni. Ndiyo maana nyumba yangu ni ndogo na sijapungukiwa na kitu. Magari yanaachwa pembezoni. Katikati ni njia ya miguu, na dirisha la jiko langu linaitazama: nikiosha vyombo najua nani kapita na nani hajaonekana tangu juzi.

Mtindo huu ulishika mizizi Denmark. Mwaka 1967 mwandishi Bodil Graae aliandika gazetini kwamba watoto wanapaswa kuwa na wazazi mia moja. Familia zilizoguswa na maneno yake zikatafutana, na mwaka 1972 makazi ya Sættedammen yakakamilika, kaya 27. Hesabu hapo, mwanangu: miaka mitano. Msanifu majengo Jan Gudmand-Høyer alianza mapema zaidi, mwaka 1964, na kundi lake likapata kiwanja, lakini majirani wa eneo lile wakawapinga hadi wakakiacha. Makazi yao yalikuja kukamilika mwaka 1973, mahali pengine. Kwa hiyo mkiambiwa mtahamia mwakani, ulizeni kiwanja kimeshapatikana? Kibali je? Na wakijitoa watu watatu, pengo lao linazibwa na nani?

Sasa vikao. Hapa hatupigi kura haraka. Tunazungumza mpaka kila mtu aseme anaweza kuishi na uamuzi. Inachosha. Tulitumia jioni nne kuzungumzia saa za kutumia mashine za kufulia, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliokaza shingo. Jirani mmoja alinijibu kwa ukali mbele ya watu, nikasusa. Miezi miwili sikukanyaga ukumbini. Nilikula peke yangu nikisikia vicheko vyao ng'ambo ya njia, na nafsi yangu ikiniambia kwamba nina haki. Huenda nilikuwa nayo. Lakini jina langu lilibaki kwenye orodha ya zamu za kupika, hakuna aliyelifuta, na siku yangu ilipofika nikakuta nimepangwa na yeye yule. Tulimenya na kukatakata saa nzima tukisemeshana ya chumvi na maji tu. Kisha akanisimulia habari za mamake, aliyekuwa mgonjwa muda wote ule, nami sikujua. Nyumba zetu zinatazamana, mwanangu, na sikujua.

Nililia baadaye, nyumbani kwangu, nikiwa nimefunga mlango. Mlango huo nao naushukuru. Bila pa kujifungia nisingeweza kurudi mezani kesho yake.

Kwa hiyo, kabla ya kutazama michoro, mtazame mwenzio. Wewe ni mtu wa watu tangu utotoni. Yeye ni mkimya. Asije akakubali kwa kukupenda tu. Muulize mkiwa wawili, na umpe muda wa kujibu.

Kisha njooni mkae wiki nzima, maana siku mbili ni za ugeni na kila mtu atawachekea. Jumatano ni zamu yangu, mtanisaidia jikoni. Jumapili kuna kikao. Nimewaombea ruhusa mkae nyuma msikilize. Mkichoka, ondokeni, hakuna atakayewashangaa.

Chumba cha wageni nimeshakiandikisha kwa jina lako.

Ni mimi mama yako