Mkanda wa jeshi umepona, maumivu yamebaki: plasta ya ganzi inasaidiaje?

Malengelenge yamekauka, makovu yanafifia, lakini ubavu bado unawaka moto. Shati likigusa tu, mtu anashtuka. Wateja wengi wanaotujia na shida hii wameshaambiwa na watu wa nyumbani kwamba wanadeka. Hawadeki hata kidogo. Kirusi cha mkanda wa jeshi ndicho kilekile cha tetekuwanga: hujificha kwenye mishipa ya fahamu kwa miaka, na kikiamka huijeruhi. Ngozi hupona mapema, ila mshipa ulioumia huendelea kupeleka habari za maumivu hata pasipo kidonda. Yakivuka miezi 3 baada ya upele, hayo ni maumivu sugu, na dawa za kawaida za kutuliza mara nyingi hazifui dafu.

Plasta ya ganzi ina lidokeini asilimia 5, dawa ambayo pia hutumika kutia ganzi wakati wa kung'oa meno. Hutuliza mishipa iliyo chini tu ya ngozi, na yenyewe hukinga sehemu hiyo isisuguliwe na nguo. Kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana. Ndiyo maana tunaipendelea kwa wazee, ambao vidonge vya mishipa huwapa usingizi na kizunguzungu hadi wakaanguka.

Sasa matumizi, maana hapa ndipo watu wanapokosea. Bandika palepale panapouma kwa saa 12, kisha bandua na uipumzishe ngozi saa 12. Zisizidi 3 kwa pamoja. Eneo likiwa dogo, kata plasta kwa mkasi kabla ya kuondoa karatasi ya nyuma. Usibandike kamwe juu ya malengelenge au kidonda, wala usiweke chupa ya maji ya moto juu yake. Ukibandua, ikunje gundi kwa gundi na uitupe mbali na watoto, kwa sababu dawa nyingi bado imo.

Usikate tamaa siku ya tatu. Ipe wiki 2 hadi 4 ndipo uamue na daktari. Tuambie mapema kama una mzio wa dawa za ganzi, ugonjwa mkali wa ini, au unatumia dawa za mapigo ya moyo.

Na kama upele ndio kwanza unatoka, usisubiri plasta. Nenda kwa daktari leo: dawa za kupambana na kirusi hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 72.