Barua kwa Aikande: ile nusu eka ya juu ya mfereji

Beaverton, Oregon
10 Desemba 2024

Mpendwa Aikande,

Bwana asifiwe. Sisi huku ni wazima, mafua tu ndiyo yanayozunguka nyumbani, akipona huyu anaanza yule. Baba Elia anakusalimu na anasema ile kahawa uliyompa Ndeshi atuletee imekwisha, na ya dukani haimpandi tena. Mama hajambo? Goti linaendeleaje? Mpe shikamoo yangu nyingi.

Sasa nisikilize, maana nina neno. Jana usiku nimeusikiliza tena ujumbe wako wa sauti wa Oktoba, ule unaoeleza kwamba nusu eka ya juu ya mfereji imebaki majani matupu tangu mibuni ing'olewe, kwamba kaka zako wanataka kuwapangisha watu wa nyanya, na wewe hutaki dawa za nyanya zishuke kwenye maji ambayo watoto wa kijiji kizima wanakunywa. Ukamalizia, "Wewe uliye huko, hebu nipe wazo." Nilikaa kimya kwa sababu wazo sikuwa nalo. Sasa ninalo. Nimelipata Jumamosi, nimesimama kwenye tope, nimeushika mti kwa mikono miwili ili usimwangukie mume wangu aliyelala chini na msumeno.

Tulikwenda kukata mti wa Krismasi, Aikande. Huku miti hiyo inalimwa, safu kwa safu kama mahindi. Oregon ndiyo inayoongoza Marekani nzima kwa zao hili, na mashamba mengi yako kaunti ya Clackamas na ya Marion, si mbali na sisi. Makubwa yanauza kwa jumla. Novemba utaona helikopta inanyanyua mafungu ya miti kutoka bondeni, inayashusha penye malori, inageuka kufuata mengine, na miti hiyo inakwenda hadi California na Mexico. Lakini yako mashamba madogo ya familia ambayo hayana shida na helikopta. Sikukuu ya Shukrani ikipita wanafungua lango, wanakupa msumeno wa mkono na fimbo ya kupimia, unaingia na watoto wako, unazunguka mpaka mridhike, unakata mwenyewe, unaburuta mwenyewe hadi langoni, unalipa. Hapo ndipo akili yangu ilipoamka. Mkulima hakati, habebi, hasafirishi. Mteja anamfanyia kazi zote hizo kwa furaha, na mwakani anarudi.

Awali tulipanga kwenda msituni kabisa. Upendo yuko darasa la nne mwaka huu, na watoto wa darasa hilo hupewa kibali cha bure cha kukata mti mmoja kwenye misitu ya taifa. Mtu mwingine Mlima Hood analipa dola 5. Lakini huko juu theluji imeshashuka, barabara zinataka minyororo ya magurudumu, na Baba Elia hana hamu ya kuyajaribu hayo na watoto nyuma. Basi shambani.

Mvua ilikuwa ile ya huku, haina kelele na haiishi. Watoto walivaa mabuti, wakapotea kati ya safu, nikawa nawasikia tu wakiitana. Upendo alitaka mti mrefu unaofika dari ya kanisa. Elia alitaka mmoja mdogo uliopinda, anasema hakuna atakayeuchukua ule, tumwonee huruma. Tulibishana sana. Mwishowe tukachukua wa aina ya Noble, matawi yake yamepangana kwa ngazi, kati ya ngazi na ngazi kuna nafasi ya kuning'iniza pambo bila kulibana. Una harufu, Aikande! Ukivunja jani moja vidoleni, harufu inakaa mpaka jioni.

Mti ulipolala chini mkulima akaja na mkewe, akamwonyesha Elia kisiki. Akamwambia ahesabu pete. Elia akahesabu kwa kidole, akarudia, akapata tisa. Akanyamaza, halafu akaniuliza kwa Kiswahili, "Mama, huu ni mkubwa kwangu kwa umri. Mbona tumemkata?" Machozi yakaanza kumlenga. Unamjua Elia, ni baba yangu mtupu, hapendi kitu kiumizwe mbele yake.

Sikutaka kumpoza kwa maneno matupu, nikamwomba yule mkulima amweleze. Yule mzee akapiga goti kwenye tope na kumwonyesha. Kando ya kila kisiki cha mwaka jana kuna mche, urefu wa kiganja, umepandwa mapema mwaka huu. Akamwambia mche unakaa kitaluni miaka miwili mitatu kwanza, ndipo unaletwa shambani, na hapo unapaliliwa na kupogolewa kila mwaka kwa visu virefu mpaka upate umbo, miaka saba, nane, mingine kumi. Tunaokata leo tunakata alichopanda zamani, na akipanda leo anampandia mtoto ambaye labda bado hajazaliwa. Elia akafuta uso, akauliza kama anaweza kurudi kuuona mche wetu. Akaambiwa arudi wakati wowote.

Nikawaza lile shairi la shuleni, kata mti, panda mti. Tuliliimba tukiwa na njaa, jua kali, mwalimu anapita na fimbo, na miche yenyewe ikaliwa na mbuzi. Huyu mzee anaishi ndani ya shairi lile.

Na si kwamba hana shida. Alitupeleka kwenye kipande chenye miti ya kimo cha kiuno, imeachana-achana, mapengo kila mahali. Unakumbuka nilivyokupigia Juni ya 2021, nikakwambia tumelala chini sebuleni na mataulo ya maji? Tarehe 28 Portland ilifika karibu nyuzi joto 47. Sisi tulikuwa tunawaza watoto tu, kumbe mashambani miche iliyopandwa mwaka ule ilikauka, na miti mikubwa ikaungua ncha upande wa jua la mchana. Pengo la mwaka mmoja kwenye zao la miaka minane halizibiki haraka. Tena kuna ugonjwa wa mizizi unaokaa kwenye udongo unaotuama maji, unaiua sana hiyo Noble, ndiyo maana sasa anachanganya na aina ya Nordmann kutoka milima ya Caucasus, upande wa Georgia na Uturuki, inavumilia zaidi.

Hapo nikamkumbuka baba yako, Mungu amlaze pema, siku aliyotuonyesha misaipresi ya kanisani imegeuka rangi ya kutu. Vile vidukari vilionekana Malawi mwaka 1986, haikupita miaka mingi vikawa kwetu. Baba yako alisema ukipanda aina moja peke yake umemwandalia adui meza. Kwa hiyo neno langu la kwanza kuhusu ile nusu eka, using'oe mringaringa wala mruka hata mmoja, ile miti ya asili iliyoko mpakani. Iache.

Sasa wazo lenyewe. Desemba Wachaga wote wanapanda mlimani. Magari kutoka Dar yamejaa, na kwenye buti kuna mti wa plastiki wa Kariakoo, umekunjwa, unakwenda kusimama ndani ya kihamba, shamba la ukoo lililozungukwa na miti hai! Wengine wananunua matawi ya saipresi barabarani na hakuna anayeuliza yamekatwa kwa nani. Watoto wao hawajawahi kushika msumeno. Wana siku mbili tatu za kukaa bila kazi kabla ya mkesha, wanabaki kwenye simu. Wewe uko dakika chache kutoka lami, una nusu eka, una mtori, ile supu yako ya ndizi ambayo Mama Doreen hadi leo anaisimulia huku Marekani. Huku kwenye lango la shamba wanauza kakao ya moto. Mtu aliyetoka kukata mti kwenye ukungu wa Desemba akipewa bakuli la mtori wako atalipa na kuongeza.

Na sisi hatungoji miaka tisa. Ule ua wa misaipresi tulioupanda shuleni tukiwa darasa la tano, tulipomaliza la saba ulikuwa umeshatupita kimo. Huku wanapanda kwa nafasi ya kama mita moja na nusu kila upande. Nimepiga hesabu: nusu eka inabeba miche kama 900, ukitoa njia za kupita na sehemu ya kuweka benchi, sema 700. Usiipande yote kwa pamoja, nakusihi. Igawe mafungu manne, panda moja kila masika, ili kila Desemba kuwe na fungu lililo tayari na lingine linalofuata. Saipresi ikikatwa chini haichipui tena, kwa hiyo kila kisiki kiwe na mche mpya pembeni masika inayofuata. Upogoaji uanze mapema, mti ukiwa bado unafikika kwa mkono, la sivyo unakwenda juu wembamba na hakuna atakayeutaka sebuleni. Vijana wa kipaimara wanaweza kufanya kazi hiyo wakalipwa.

Najua Eliamani wa usharikani atasema hayo ni mambo ya wazungu. Ni ya Wajerumani, kweli, na ndio hao Walutheri wa Leipzig walioleta Injili Machame mwaka 1893, na Eliamani mwenyewe ndiye anayebandika pamba kwenye matawi ya mti wa usharika kila mwaka na kuiita theluji. Kila mwaka usharika unahangaika mti utoke wapi. Utoke kwako.

Nyumbani tumeufanyia kama alivyotuelekeza. Lazima uukate tena kipande chembamba chini kabla ya kuusimamisha, kwa sababu utomvu unaziba lile jeraha na mti haunywi tena. Unakaa kwenye chombo chenye maji, na usiku wa kwanza ulikunywa mpaka Upendo akadhani chombo kinavuja. Sasa amejipa kazi ya kuongeza maji asubuhi na jioni, hamruhusu mtu mwingine. Tumeuweka mbali na mashine ya joto. Saa kumi na moja jioni huku giza limeshaingia, basi taa zake ndizo zinazotusindikiza hadi kulala. Sikukuu zikipita, skauti wanapita mitaani kuikusanya miti isagwe, inarudi bustanini. Kuna kikundi kingine kinaichukua na kuilaza kwenye vijito ili samoni wadogo wapate pa kujificha. Elia amesema wetu uende kwa samaki, na hilo halina mjadala.

Shangazi wa Kibosho nimempigia, anasema hajambo, ila hataki kuja Himo kwa sababu ya yale ya Agosti. Tutayaongea, si ya kuandika.

Nirudi kwenye nusu eka, maana kuna mambo siwezi kuyapima nikiwa huku. Ule mfereji unahesabiwa kama chanzo cha maji, yaani ile sheria ya kutofanya shughuli ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji inakugusa au la? Kibali cha kukata miti uliyoipanda mwenyewe kinatolewa na mtendaji wa kijiji, au lazima uende wilayani kwa watu wa misitu? Mjomba wako aliyekuwa kwenye shamba la miti la West Kilimanjaro bado ana watu anaowajua kwenye kitalu? Miche ya saipresi inauzwaje sasa, na ipo ya kutosha mwezi wa tatu? Udongo pale juu unatuama maji, au unakauka haraka? Hati ya kile kipande iko kwa jina lako au bado kwa jina la marehemu? Na hao watu wa nyanya, wameshatoa pesa ya awali kwa kaka zako?

Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Fedha ya miche ya fungu la kwanza naitoa mimi, si mkopo, ni mchango wangu kwa maji yale niliyoyanywa utoto mzima nikitoka kwenu. Uliza wewe, pima wewe, na ukiona haifai niambie waziwazi, hatutakosana. Ila usisaini chochote. Kaka zako wakikubana kabla ya sikukuu, waambie wangoje Jumapili, nitapiga baada ya ibada ya pili na simu uiweke kwenye spika wanisikie wote.

Wako akupendaye,
Mama Elia