Studio zitupe hadithi, sio majengo kuporomoka tu

Mhariri, salamu. Mimi ni mpenzi wa muvi za masuperhero na za sayansi, na hili linanikera kweli. Studio za Marekani zinamwaga mamilioni ya dola halafu nusu saa ya mwisho ni majengo yanaporomoka tu na miale angani, hujui nani anapigana na nani wala kwa nini umuonee huruma. Sasa angalia Godzilla Minus One ya Japani, 2023, bajeti haikufika dola milioni 15, watu kama 35 ndio walifanya efekti (zile picha za kutengenezwa kwa kompyuta), na ikabeba Oscar ya efekti 2024! Lile dude Godzilla linatisha, ndio, ila kinachokushika ni yule rubani Koichi, pale mwanzoni kashaingia kwenye ndege, bunduki zipo, anaambiwa alipige hilo dude, mwili unagoma kabisa, na mafundi wa ndege wanauawa. Hiyo aibu anatembea nayo muvi nzima. Logan ya 2017 nayo hivyohivyo, shujaa kazeeka, anaumwa, majeraha hayaponi haraka kama zamani. Naomba kurasa zenu za burudani zituchambulie hadithi, sio mapato ya wikiendi ya kwanza tu.